Januari 2021 niliwaambia ndugu zangu "WhatsApp haina shida". Leo nalipitia upya lile jibu

Fundi wa Seva (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite.

Mnakumbuka mwanzo wa 2021? Mwaka haujatimiza hata wiki, WhatsApp ikaanza kuwaletea watu tangazo la masharti mapya: kubali kabla ya tarehe 8 Februari, la sivyo akaunti utaikosa. Mimi kazi yangu ni seva na mitandao, kwa hiyo ndani ya ukoo ndiye "mtoto wa kompyuta". Simu ya mtu ikigoma kuchaji, naitwa mimi. Siku mbili hazikupita nikawa nimeletewa ujumbe ule ule na watu zaidi ya kumi, una vialama vya moto juu na chini: kuanzia sasa Facebook watasoma meseji zako zote, watasikiliza simu zako, picha zako ni mali yao, mtumie umpendaye.

Nikajibu kitaalamu. Niliandika aya nne kwenye grupu la ukoo, na bado ninazo. Kwamba meseji zimefumbwa mwisho hadi mwisho tangu Aprili 2016, ufunguo uko kwenye simu yako na ya unayeongea naye, kampuni haioni kilichomo. Kwamba mabadiliko yenyewe yanagusa zaidi mazungumzo na biashara: duka au benki ikiamua kutumia huduma za Facebook kutunza meseji za wateja wake, yale mazungumzo yanaweza kuishia kwenye mambo ya matangazo. Na kwamba habari ya namba yako na taarifa za simu yako kwenda Facebook ni ya zamani, ilianza Agosti 2016. Nikafunga kwa mbwembwe: "Kwa hiyo msihangaike, hakuna kipya."

Hakuna neno la uongo pale. Wataalamu wengi duniani walikuwa wanasema hivyo hivyo wiki ile.

Shangazi yangu wa Tanga, mwalimu mstaafu, akajibu kwa sauti, pole pole kama anasahihisha daftari: "Mwanangu nimekuelewa. Kumbe walianza 2016. Sasa wewe ulikuwa unajua, miaka yote hiyo ukatuangalia tu?"

Nikaweka kikaragosi cha kucheka. Sikumjibu.

Swali lile limenikaa. Mimi nilichukua karatasi ya jana na ya leo, nikazilinganisha, nikaona tofauti ndogo, nikatangaza amani. Yeye hakuwa anauliza habari ya karatasi. Mchukulie mpangaji aliyekaa miaka sita kwa amani, asubuhi moja mwenye nyumba anagonga na mkataba mpya: saini au hama. Mpangaji hahesabu vifungu. Anajiuliza huyu leo amekujaje.

Na historia ilikuwa upande wake kuliko wangu. Facebook iliinunua WhatsApp 2014. Wakati wa kuomba ridhaa ya ununuzi huo waliiambia Tume ya Ulaya kwamba hawana njia ya kuaminika ya kuunganisha akaunti za huku na za kule. 2016 wakaziunganisha, na Mei 2017 Tume ikawapiga faini ya euro milioni 110 kwa kutoa maelezo yanayopotosha. 2016 mtumiaji alipewa siku 30 za kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya Facebook. Nani kati yenu alikiona kile kitufe? Mimi nilikiona, nikakibonyeza, nikaendelea na maisha yangu. Sikumwambia mtu.

Hilo ndilo deni. Karibuni mnishambulie.

---

Mpenda Bando

Nimekaa hapa mbele na karanga zangu. Ila mkuu, wengine tusingeweza kuhama hata tungetaka. Bando langu lilikuwa la WhatsApp tu. Ukiniambia "hamia Signal", ile programu nyingine ya meseji, ni sawa na kumwambia abiria wa daladala apande ndege, kituo ni kile kile.

---

Mlinzi wa Lango

Mkuu Fundi, nakuheshimu lakini unajitwisha dhambi isiyo yako. Mimi usalama wa mifumo ndiyo ugali wangu, na kazi ya mtaalamu ni kusema kilichopo. Ule ujumbe wa moto ulikuwa uongo. Ukiacha uongo upite kwa kuwa hofu ya shangazi ina sababu nyingine, kesho utaachia na uongo wa chanjo.

Halafu tuangalie matokeo ya hofu isiyo na maelezo. Watu walikimbilia wapi? Tarehe 12 Januari Telegram walitangaza wageni milioni 25 ndani ya saa 72. Na Telegram mazungumzo ya kawaida HAYAJAFUMBWA mwisho hadi mwisho, magrupu ndiyo kabisa. Ni yale ya siri tu, ambayo unayawasha mwenyewe mtu mmoja mmoja. Watu waliruka majivu wakakanyaga moto, huku wakipongezana. Agosti 2024 mwenye Telegram akakamatwa Ufaransa, mwezi uliofuata masharti yakabadilishwa: namba ya simu na anwani ya intaneti ya mtuhumiwa watazitoa kwa mamlaka zikija na amri halali. Sijaona hata shangazi mmoja akisambaza moto siku hiyo.

Waliokwenda Signal walipatia. Hao 2016 walipelekewa amri ya mahakama Marekani, walichokuwa nacho cha kutoa ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipoonekana mara ya mwisho. Lakini umati ulivyowavamia, tarehe 15 Januari seva zao zikalala, na wengine wakarudi WhatsApp jioni ile ile. (Kichekesho cha pembeni: Elon Musk aliandika "tumieni Signal", wawekezaji wakakimbilia hisa za kampuni nyingine kabisa ya Texas yenye jina linalofanana. Zikapaa kutoka chini ya dola moja hadi zaidi ya 38.)

Kinachoniuma zaidi: watu waliogopa kisichokuwepo, kusomwa meseji, na kilichokuwepo hawakukigusa. Barua imefungwa, sawa. Bahasha je? Nani kamwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi, yuko kwenye mtandao gani, simu aina gani. Ukimpigia daktari wa akina mama saa moja asubuhi, kisha mama yako, kisha mtu fulani mara tano usiku, hakuna haja ya kufungua barua.

---

Mama Nasra Madera

Naomba niseme na mimi ambaye si mtaalamu, maana naona mnatuongelea kama hatupo.

Mimi nauza madera na mitandio, kila kitu WhatsApp. Mlinzi umeandika vizuri lakini nikuulize, huyo wa Marekani akijua nampigia nani saa moja asubuhi atanifanya nini? Hanijui, simjui. Ninaowaogopa wote wanaishi umbali wa bodaboda. Shemeji anayeshika simu yangu nikiwa jikoni. Mteja anayepiga picha ya skrini mazungumzo yetu ya deni na kuyatupa kwenye grupu la harusi. Mtu aliyeichukua namba yangu kwenye grupu la shule ya mtoto, kutwa ananiita mrembo.

Na kuna kisa. Mwaka juzi niliishiwa mtaji, nikapakua programu ya mikopo, jina siliweki. Elfu sitini tu. Ilipofunguka iliuliza maswali ya haraka haraka, nikabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, mtoto analia na mwenye mzigo yuko mlangoni. Nilichelewa siku nne kulipa. Siku ya tano mteja wangu mkubwa ananipigia: "Mama Nasra, kuna watu wananiambia wewe ni tapeli na mimi ni mdhamini wako." Walikuwa wamebeba majina yote ya kwenye simu. Wakampigia hadi ustadh wa madrasa.

Siku hiyo ndiyo nilijua faragha ni nini. Na hakuna mtaalamu aliyewahi kuniandikia aya nne kuhusu kile kitufe.

---

Jirani wa Likoni

Pole sana Mama Nasra. Huku Kenya hayo tuliyaona mapema, ndiyo maana kwetu mtu akisikia "faragha ya data" anawaza wakopeshaji wa simu kabla ya Facebook. Sheria ya kulinda data tunayo tangu Novemba 2019, na ofisi ya kamishna imeshawapiga faini wakopeshaji kadhaa wa mitandaoni kwa mchezo huo huo wa kupigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Septemba 2023 ilitoka moja iliyofanya walimu wengi wafute picha usiku: shule ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Na ndio sababu sikubaliani na Mlinzi kwamba shangazi alikosea. Yeye hajui maneno, lakini mdomo wake ulikuwa karibu na jeraha.

---

Fundi wa Seva

@Jirani asante. Kwa wa huku: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Yaani shangazi alipouliza swali lake, Tanzania haikuwa na mahali pa kulipeleka. Na hizo programu za mikopo, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 zinazofanya kazi bila leseni. Mama Nasra kaangalie kama yako imo.

@Mlinzi, sikatai hata moja. Ila tazama na Ireland. Septemba 2021 mdhibiti wao aliitoza WhatsApp euro milioni 225, na kosa kubwa lilikuwa kutowaeleza watu waziwazi taarifa zao zinakwendaje. Hata mdhibiti mwenye wanasheria wake alisema maelezo hayaeleweki. Sasa sisi tuliokuwa tunawacheka watu kwa "kutosoma masharti", tulikuwa tunacheka nini?

---

Kijana wa Mbagala

Mimi niko GB WhatsApp, ile ya kuchakachua isiyo ya kampuni yenyewe, tangu kidato cha tatu, niacheni. Naona meseji zilizofutwa, naona statasi kimya kimya, tiki ya bluu nimeificha. Faragha ninayo mimi, nyinyi mnaongea tu.

---

Mlinzi wa Lango

@Kijana wa Mbagala haya ndiyo ninayosema 😂. Mtu analia Facebook wataona namba yake, wakati huohuo amepakua faili kwenye tovuti asiyoijua mwenyewe, limetengenezwa na mtu asiyejulikana, halafu amelikabidhi meseji zote, kamera, maikrofoni na majina ya watu. Meseji ikishafika kwenye simu yako inafumbuliwa ili uisome. Na programu uliyonayo mkononi ndiyo inayoisoma. Umebadilisha kufuli la mlango ukamwachia ufunguo fundi usiyemjua jina.

---

Kijana wa Mbagala

Fundi huyo hamjui demu wangu. Demu wangu mmoja ndiye anayemjua yule mwingine.

---

Fundi wa Seva

Jamani msimcheke haraka. Hapo kuna somo letu sisi.

Kampuni ilitumia miaka kujisifu kwa kufumba meseji, jambo kubwa kweli. Lakini kijana alikuwa anaomba kitu kidogo: asionekane yuko hewani. Watengenezaji wa GB walimsikia kwanza. WhatsApp yenyewe ilikuja kutangaza Agosti 2022 kwamba sasa unaweza kuchagua nani akuone ukiwa hewani, na unaweza kutoka kwenye grupu bila grupu zima kutangaziwa. Agosti 2022! Watu walikuwa wamevunjiana uchumba kwa "amekuona hewani saa nane usiku" kwa zaidi ya muongo.

Si kwamba nasema mkae GB. Itoeni. Hayo aliyoyasema Mlinzi ni kweli tupu, na WhatsApp wamekuwa wakizifungia namba za wanaotumia hizo programu. Nasema tu watu hawakwenda huko kwa ujinga.

---

Wa Muscat Zamani

Niongeze la kwetu. Miaka niliyofanya kazi Oman, simu za WhatsApp zilikuwa hazipiti, meseji tu. Sasa mama yuko Pemba, hajui kusoma, nitamwandikia nini? Kila msichana niliyekaa naye alikuwa na VPN ya bure, programu ya kupitishia intaneti njia ya pembeni, tunapeana kwa Bluetooth kama mapishi. Ikigoma hii tunashusha nyingine. Mimi nilikuwa nazo tatu kwa wakati mmoja.

Miaka baadaye binti yangu anayesoma mambo hayo ndiye aliyenieleza kwamba VPN ni kama kupitisha maji yote ya nyumba kwenye bomba la jirani, na wa bure lazima apate chakula chake mahali. Nikamwambia mwanangu, nilijua hakuna cha bure. Lakini nilikuwa nataka kusikia sauti ya bibi yako, na bei ile niliiona ndogo. Hata leo ningelipa.

---

Mlinzi wa Lango

Hapo Wa Muscat umenifunga mdomo, nakiri.

Basi na mimi nitoe mfano wa kinyume ili haki itendeke. Agosti 2021, miezi michache tu baada ya vurugu za WhatsApp, Apple walitangaza mfumo wa kukagua picha ndani ya simu ya mtu kabla hazijapanda iCloud, ghala lao la mtandaoni, kutafuta picha za unyanyasaji wa watoto. Sisi tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka: leo ni picha za watoto, kesho serikali itaongeza orodha yake. Watu wa kawaida? Kimya, na wengi walisema ni jambo zuri, nani atatetea wahalifu wa watoto. Apple waliahirisha, kisha Desemba 2022 wakauacha kabisa. Mara ile wataalamu waliona mbali na raia hawakuona. Kwa hiyo Fundi usitugeuze wote kuwa wajinga wenye vyeti.

---

Fundi wa Seva

Haswa, na mfano huo unanisaidia mimi. Kwenye ile ya Apple mlikuwa mnauliza swali la shangazi! Hamkusema "leo kilichobadilika ni kidogo". Mlisema "huyu akishaingia sebuleni, kesho ataingia wapi?" Mkiuliza nyinyi kunaitwa kuona mbali. Akiuliza mwalimu mstaafu wa Tanga anaambiwa anasambaza uvumi.

Kingine niliwanyima ndugu zangu: kuna kelele zinazofanya kazi. Ule uvumi, pamoja na uongo wake wote, uliwafanya WhatsApp wasogeze tarehe kutoka 8 Februari hadi 15 Mei, na baadaye wakasema asiyekubali hatafutiwa akaunti wala kupunguziwa huduma. Aya zangu nne hazikusogeza tarehe hata kwa saa moja.

---

Mlinzi wa Lango

Na mimi sitaacha kusema uongo ni uongo.

---

Fundi wa Seva

Usiache. Ila ukimaliza kusema, kaa kidogo usikilize swali la pili.

---

Mama Nasra Madera

Mkimaliza kukumbatiana nina swali la kweli. Nimeambiwa bakapu ya WhatsApp, ile nakala ya akiba inayokwenda Google, haijafumbwa. Ni kweli?

---

Mlinzi wa Lango

Kweli mama, kama hujawasha mwenyewe. Tangu Oktoba 2021 kuna namna ya kuifumba: Mipangilio, Gumzo, halafu bakapu, utaona sehemu ya kufumba mwisho hadi mwisho. Unaweka nywila yako au wanakupa ufunguo wa tarakimu na herufi 64. Washa leo.

---

Mama Nasra Madera

Na nikiisahau hiyo nywila?

---

Mlinzi wa Lango

Hakuna wa kukurudishia, hata wao wenyewe. Ndiyo maana yake. Ukipoteza simu na nywila, yote yamekwenda.

---

Mama Nasra Madera

Basi siwashi. Sauti za mama yangu zimo humo, alifariki kabla ya Ramadhani. Simu nimeshaibiwa mara mbili Kariakoo, nywila nasahau kila mwezi. Google wakitaka wazisikilize, ni mama anauliza kama nimekula.

---

Mlinzi wa Lango

Mungu amrehemu mama. Siwezi kubishana na hilo.

---

Fundi wa Seva

Inna lillahi. Mama Nasra, kuna njia ya tatu, usiache zikae mahali pamoja tu. Kama simu yako ni Android, fungua kile cha kuangalia mafaili, ingia kwenye folda ya Android, kisha media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu WhatsApp Voice Notes. Nakili folda nzima kwenye memori kadi au flashi, mpe na ndugu yako mmoja nakala. Ukishakuwa nazo mkononi ndipo uamue habari ya nywila, kwa raha zako.

---

Mama Nasra Madera

Nimeifikia. Lakini humu hakuna jina la mtu, ni namba na tarehe tu, na za wateja zimechanganyika na zake. Itabidi nizifungue moja moja.

---

Fundi wa Seva

Ndiyo, moja moja. Anza na wiki unazokumbuka alikuwa anakutumia sauti sana. Kama kadi huna, nitumie ujumbe, ninazo mbili hazina kazi.